SOMO LA AFYA: MPIGANAJI NA HALI YA MOYO WAKE



Ikiwa unacheza ndondi, judo, karate au mieleka, au una kijana anayecheza, somo hili ni lako.

Tuseme kijana ametoka kambini, amehamia Kalerwe, Kampala. Mchana anabeba magunia sokoni, jioni anafanya mazoezi ya ndondi. Shindano limekaribia. Usiku halali vizuri, anagombana na wenzake bila sababu, chakula hakitaki. Kocha akimwuliza anajibu, "Mimi mzima." Je, ni mzima kweli?

Mwaka 1971 wataalamu wa Marekani walitoa fomu ya kupima hali sita za moyo: wasiwasi, huzuni, hasira, uchovu, kuchanganyikiwa na uchangamfu. Mtaalamu William Morgan aliona kuwa wanamichezo wanaofanya vizuri huwa na uchangamfu mwingi, na zile hali tano huwa chini. Mazoezi yakizidi mapumziko, mambo hugeuka: uchangamfu hushuka, uchovu na hasira hupanda. Kumbuka, kubeba magunia nako kunachosha mwili. Hesabu pamoja na mazoezi.

HATARI YA KUJIKAUSHA
Wengine hujinyima maji na chakula ili wapunguze uzito kabla ya kupimwa. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakifanya hivyo. Walikuwa vijana wenye nguvu. Afadhali upigane katika uzito wako wa kawaida.

KILA ASUBUHI JIULIZE
1. Nimelala vipi?
2. Moyo wangu ukoje leo?
3. Naiona afya yangu ni nzuri, ya kadiri au mbaya?

Jibu kwa ukweli. Majibu yakiwa mabaya siku kadhaa mfululizo, punguza mazoezi, kula, lala, mwambie kocha. Huzuni ikidumu wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukipigwa kichwani kisha ukaumwa kichwa, ukatapika au ukachanganyikiwa, acha mchezo papo hapo na uende kutibiwa siku hiyo hiyo.

Mchezo wenyewe ni mzuri. Popole Misenga, mkimbizi kutoka Kongo aliyekimbia vita akiwa mtoto, alishinda pambano lake la kwanza la judo katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa katika timu ya wakimbizi.

Kusema umechoka si woga. Anayesema mapema hupona mapema, akarudi ulingoni.