Mtaa Kuwa Uwanja: Kufundisha Juu ya Barabara na Michezo ya Watoto katika Shule za Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Somo la usalama barabarani, kama lifundishwavyo mara nyingi katika shule zetu za msingi, huwa ni orodha ya makatazo. Usicheze barabarani. Usivuke kabla ya kutazama kulia na kushoto. Usikimbize gurudumu kando ya lami. Makatazo hayo ni ya kweli, na mwalimu asiyeyafundisha atakuwa ametupa wajibu wake. Lakini mtoto akiisha kuyakariri, hubaki na swali ambalo hakujibiwa: je, acheze wapi?

Katika makala hii tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kulichukua swali hilo na kuligeuza liwe mfululizo wa vipindi vinne kwa Darasa la Tano. Tumechagua jambo moja mahususi, yaani kuifunga njia ya mtaa kwa saa chache ili watoto waitumie kwa michezo. Mazingira tuliyoyachagua ni ya miji ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, lakini mwalimu aliye kwingineko aweza kuyafuata mawazo haya kwa kubadili mifano.

Haki ya mtoto kucheza

Yafaa kwanza mwalimu mwenyewe aamini kwamba mchezo si upuuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, inapotaja wajibu wa mzazi, huiweka haki ya kucheza na kuburudika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Mwalimu hahitaji kuwasomea watoto vifungu vya sheria. Yatosha akumbuke kwamba mtoto achezaye rede hujifunza kulenga na kukwepa, achezaye mdako hujifunza kuhesabu, na kundi linalocheza kombolela hujitungia kanuni na kuzitii bila askari. Mambo hayo ndiyo tunayohangaika kuyafundisha darasani.

Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa hiyo mambo mawili yanakutana njiani: haki ya kucheza na hatari ya kufa. Mwalimu akifundisha moja na kuliacha jingine, atakuwa amefundisha nusu.

Mazingira ya Kilosa na Mikumi

Mji wa Mikumi umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Malori na mabasi hupita usiku na mchana, na hapo hapo ndipo ichepukapo njia ya kwenda Kidatu na Ifakara. Biashara ya mji hutegemea magari hayo. Hivyo watu wamejenga karibu na lami, na watoto hukulia karibu na lami.

Kilosa una sura nyingine. Ni mji wa reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na sasa una pia stesheni ya reli ya kisasa, ambayo safari zake za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024. Malori ya safari za mbali hayapiti katikati ya mji huo kama yapitavyo Mikumi. Hatari iliyo karibu zaidi na mtoto ni pikipiki inayokatiza ghafla kati ya nyumba.

Vijijini pia jambo hili lina historia yake. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, vijiji vingi vya Tanzania vilipangwa kandokando ya barabara ili huduma ziwafikie watu kwa urahisi. Huduma zilipita njia ile ile ambayo baadaye ilileta mwendo wa kasi. Mwalimu akilieleza hili, watoto wataelewa kwamba nyumba kuwa karibu na barabara ni matokeo ya mipango ya watu, na kwamba lililopangwa na watu laweza kupangwa upya na watu.

Mikumi kuna funzo jingine ambalo halipatikani kila mahali. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilometa 50 hivi. Ndani ya hifadhi dereva hukuta matuta, mipaka ya mwendo, na mabango yanayomwonya kuhusu faini za kugonga wanyama. Nchi imekubali, basi, kwamba kiumbe asiyeweza kupima kasi ya gari alindwe kwa kumpunguzia dereva mwendo, kwa kuwa twiga hafundishiki kutazama kulia na kushoto. Hapo mwalimu aweza kuuliza: na mtoto wa miaka sita, ambaye bado hajui kukadiria kasi ya gari na umbali wake, alindwe kwa njia gani?

Waliotangulia

Wazo la kufunga mtaa kwa ajili ya watoto si geni duniani. Mwaka 1914 polisi wa New York, Marekani, walianza kufunga baadhi ya mitaa kwa saa maalumu ili watoto wa nyumba zilizosongamana wapate pa kucheza. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1938 iliyoziruhusu mamlaka za miji kuitenga mitaa fulani kuwa viwanja vya michezo. Magari yalipoongezeka mitaa hiyo ikapungua, hata mwaka 2009 wazazi wa mtaa mmoja mjini Bristol walipoufunga tena mtaa wao kwa alasiri moja baada ya shule, na wengine wakawaiga.

Karibu nasi, mji wa Kigali ulianza mwaka 2016 kuwa na siku ambazo barabara fulani hufungwa kwa magari ili watu wakimbie, watembee na wacheze. Addis Ababa ulianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2018. Hapa kwetu, shirika la Amend limefanya kazi ya kuboresha njia zinazozunguka shule za msingi jijini Dar es Salaam, kwa kuweka njia za waendao kwa miguu, matuta na vivuko. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Hiyo haikuwa kazi ya kufunga mitaa, lakini msingi wake ni ule ule: badala ya kumlaumu mtoto, rekebisha njia.

Andalio la vipindi vinne

Madhumuni. Baada ya vipindi hivi mwanafunzi aweze: (a) kuchora ramani sahili ya mtaa wake na kuonyesha mahali pa kuchezea, (b) kukokotoa umbali ambao gari huenda katika muda uliotajwa, (c) kutoa hoja na kusikiliza hoja ya mwenzake, (d) kuandika barua rasmi.

Zana. Karatasi kubwa au ubao, kamba yenye urefu wa mita 10 iliyofungwa fundo kila mita, saa yenye mshale wa sekunde, mawe madogo ya kuhesabia.

Kipindi cha kwanza: Ramani. Kila mwanafunzi achore njia ya nyumbani kwake na kutia alama mahali anapochezea. Kisha darasa lichore ramani moja kubwa. Mwalimu aulize maswali bila kutoa majibu. Wavulana huchezea wapi? Wasichana je? Nani hucheza huku amembeba mdogo wake mgongoni? Huenda darasa likagundua kwamba wavulana huenda mbali hadi kiwanja cha mpira, na wasichana, kwa sababu ya kazi za nyumbani, huchezea mlangoni, ambako ndiko njia ilipo. Ikiwa hivyo ndivyo, kiwanja cha mbali hakiwatoshi watoto wote, na mtaa wenyewe unakuwa jambo la haki.

Kipindi cha pili: Hesabu. Wanafunzi wapime upana wa njia moja iliyo tulivu kwa kamba, mwalimu na mtu mzima mwingine wakiwa wamesimama pande zote mbili. Barabara kuu isipimwe kamwe. Darasani, tuseme barabara ina upana wa mita 7 na mtoto mdogo hutembea mita 1 kwa sekunde. Atahitaji sekunde 7 kuvuka. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa huenda mita 30,000 katika sekunde 3,600, yaani mita 8 na theluthi kwa sekunde. Katika sekunde 7 litakwenda kama mita 58. Kwa mwendo wa kilometa 50 litakwenda kama mita 97, na kwa kilometa 80 litapita mita 155. Wanafunzi watoke nje wapime mita 58, kisha 97, kisha 155 katika uwanja wa shule, na mwenzao asimame kila alama. Watakapomwona yule wa mwisho alivyo mdogo kwa mbali, watafahamu kwa macho kile ambacho maneno matupu hayawezi kuwafahamisha.

Kipindi cha tatu: Mjadala. Hoja iwe: "Njia ya mtaa wetu ifungwe kila Jumamosi kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni ili watoto wacheze." Mwalimu agawe nafasi: dereva wa bodaboda atafutaye riziki, mama anayeuza vitumbua barambarani, mzee anayetaka utulivu, mgonjwa anayeweza kuhitaji kupelekwa hospitali ghafla, mtoto mlemavu, na mzazi. Mwalimu ahakikishe kwamba dereva wa bodaboda hafanywi adui. Wanafunzi wengine ni watoto wake, na riziki yake ndiyo ada na daftari zao. Mwisho darasa litafute masharti ambayo wote waweza kuyakubali: kwa mfano, mkazi aingiapo aende mwendo wa mguu, na gari la mgonjwa lipite wakati wowote.

Kipindi cha nne: Barua. Kabla ya kuandika ni lazima wajue wamwandikie nani. Barabara kuu zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na barabara za mijini na vijijini za ngazi ya wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hivyo ombi la kuifunga barabara kuu ya Mikumi kwa michezo ni ombi lisilowezekana, wala halifai, maana nchi kadhaa huitegemea. Kwa barabara hiyo yafaa kuomba kivuko au matuta. Njia ya ndani ya mtaa ndiyo iwezayo kufungwa kwa saa mbili. Barua ianzie kwa mwenyekiti wa kitongoji, kupitia kwa mwalimu mkuu, ili yeye awashirikishe TARURA na polisi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, watoto wasifunge njia wenyewe kwa mawe au magogo. Hatari ya tendo hilo ni kubwa kuliko faida yake. Njia hufungwa kwa ruhusa, na watu wazima husimama kila mwisho, wakiwa na kamba au benchi inayoondoleka haraka.

Pili, mwalimu asitoe ahadi. Barua yaweza kukataliwa au kukaa bila jibu. Hilo nalo ni funzo la uraia, mradi mwalimu awe tayari kuwaongoza wanafunzi kuuliza tena kwa adabu na kwa hoja iliyo bora zaidi.

Tatu, makatazo ya usalama yaendelee kufundishwa. Njia iliyofungwa Jumamosi iko wazi Jumatatu, na mtoto mdogo aweza kusahau tofauti hiyo. Kila mchezo uanze na umalizike kwa ishara moja inayojulikana, kama vile filimbi.

Nne, ikiwa darasani yumo mtoto aliyefiwa au kuumizwa kwa ajali, mwalimu azungumze naye na wazazi wake mapema. Asimtumie kamwe kuwa mfano mbele ya wenzake.

Hitimisho

Katika vipindi vinne tumegusa maarifa ya jamii, hisabati, lugha na uraia, na zana zetu zimekuwa kamba, mawe na karatasi. Shule yoyote yaweza kuzipata. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi amejifunza kuitazama njia iliyo mlangoni pake kama kitu cha watu wote, chenye kanuni zinazoweza kujadiliwa. Mwalimu amwambiaye mtoto "toka barabarani" amefanya jambo jema. Hapana budi aongeze juhudi ya kumtafutia mahali pa kwenda.

Mazoezi kwa walimu wanafunzi

1. Chora ramani ya eneo linalozunguka chuo chako. Onyesha mahali watoto wanapocheza na njia ambayo ingeweza kufungwa bila kuwazuilia watu riziki.

2. Andaa kipindi cha pili upya kwa Darasa la Tatu, ambao hawajazoea kugawanya namba kubwa. Utatumia vitendo gani badala ya hesabu?

3. Mzazi mmoja anakujia shuleni na kusema kwamba unawafundisha watoto kudai badala ya kutii. Andika jibu lako katika aya moja, kwa heshima.