Nyumba ya makuti, bima na ile miezi isiyo na mtu

Nyumba yetu ndogo ya likizo iko Watamu, kaunti ya Kilifi. Agosti na Disemba hujaa watoto na jamaa. Miezi mingine hubaki na mlinzi. Nyumba ya namna hii haikatiwi bima kama ya Nairobi, na wakala asipokuuliza, mweleze mwenyewe.

Anza na paa. Kuna kampuni zisizogusa makuti kabisa, na kuna zinazokubali kwa ada ya juu na masharti, kama kuweka mitungi ya kuzimia moto. Siwalaumu. Kaskazi inapovuma, makuti yakiwa yamekauka, cheche ya jirani yatosha. Usikubali fomu iandikwe "vigae" ili ada ipungue: nyumba ikiungua, fomu hiyo ndiyo itakayotolewa kwenye faili, na utanyimwa fidia kwa haki.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi ni nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi huweka kikomo, mara nyingi siku 30 mfululizo. Zikipita, kinga ya wizi na ya mabomba kupasuka husimama. Sasa mlinzi anayelala kibandani uani, je, anahesabiwa kuwa mkaazi? Mimi niliuliza, nikataka jibu liandikwe ndani ya mkataba pamoja na miezi tusiyokuwepo. Ahadi ya simu haitoshi.

Kisha thamani. Andika gharama ya kujenga upya, wala si bei ya kuuza. Kiwanja cha pwani ni ghali lakini hakiungui. Usipunguze pia. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 8 ukiikatia bima ya milioni 4, moto ukala sehemu ya milioni 2, kampuni yaweza kukulipa milioni 1 tu, kwa kuwa uliikinga nusu.

Ukipangisha wageni, hata Krismasi pekee, sema. Hiyo ni biashara, na mgeni akiumia kwako ni dai jingine kabisa.

Mchwa, kutu ya chumvi na makuti yaliyochakaa ni mzigo wako, bima haivigusi. Vitengee pesa kando.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Na kampuni isiyotaka kuandika majibu yake, achana nayo, hata ada yake ikiwa nafuu.