BREKI YA MDOMO WA BUNDUKI: FAIDA YAKE NA GHARAMA YAKE

Katika vijiji vilivyopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero mkoani Dodoma, na Rungwa upande wa Manyoni, tembo huingia katika mashamba ya mtama na uwele. Kuwafukuza huanzia kwa kelele na moshi wa pilipili. Bunduki huwa ya mwisho, nayo huwa nzito. Miongoni mwa zitumikazo kwa wanyama wakubwa ni .375, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, na teke lake begani ni kiasi cha mara mbili ya lile la .30-06. Askari aliyekwisha kuumizwa bega huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi hupotea, au mnyama hujeruhiwa akakimbilia kijijini.

Hapo ndipo inapofikiriwa breki ya mdomo wa bunduki, nayo ni kipande cha chuma chenye matundu kifungwacho mwisho wa mtutu. Gesi ya baruti, badala ya kutoka mbele yote, hupigwa kando na kuivuta bunduki mbele. Kadiri baruti ilivyo nyingi, ndivyo breki ifanyavyo kazi. Kwa bunduki ndogo haina haja. Gobori lisifikiriwe kabisa, kwani mtutu wake aghalabu ni bomba tu.

Katika kuchagua, tundu la kati lazima liwe kubwa kidogo kuliko risasi ya bunduki ile ile. Breki ya risasi ndogo ikifungwa kwenye bunduki kubwa, risasi huigonga na kuipasua. Aidha, kwa ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi, isichukuliwe yenye matundu upande wa chini: apigaye akiwa amelala hutimuliwa vumbi jekundu usoni asione alichokipiga.

Kufunga ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali, si ya karakana ya baiskeli. Hesi hukatwa kwa mashine ya kukereza kwa kufuata tundu la ndani ya mtutu, wala si ngozi yake ya nje, maana viwili hivyo mara nyingi havilingani. Breki ikae wima juu ya bega la chuma, na kabla ya kupiga ipitishwe fimbo nyoofu kuhakikisha njia iko wazi. Baadaye bunduki ilengeshwe upya, kwa kuwa risasi huhama mahali pake.

Jambo lisilosemwa na wauzaji ni sauti. Bunduki ya namna hii huvuka desibeli 150 hata bila breki, ilhali 140 zinatosha kulidhuru sikio kwa mlio mmoja. Breki huurudisha mshindo nyuma na kando. Apigaye huenda amevaa viziba masikio. Mwenziwe aliyesimama ubavuni akimulika kwa tochi, au mwenye shamba aliyekuja kuonyesha njia, hana kitu. Bega la mmoja limepona kwa masikio ya mwingine.

Kwa hiyo penye doria ya watu wengi, mpira mnene kwenye kitako na bunduki yenye uzito wa kutosha hufaa zaidi. Penye breki, kila aliyepo avae viziba, na asiyenavyo akae nyuma kabisa ya apigaye, hatua nyingi, kabla bunduki haijapandishwa begani.