Neva za Mkono wa Juu na Eneo Salama la Sindano

Neva za mkono huanzia kwenye uti wa mgongo shingoni, hupita chini ya mtulinga na kwapani, kisha hugawanyika. Moja huhudumia msuli wa bega. Nyingine, neva ya radiali, huuzunguka mfupa wa mkono kwa nyuma, kati ya bega na kiwiko. Ndiyo iwezeshayo kiganja kuinuka.

Kwa sababu hiyo, sindano ya mkononi huchomwa upande wa nje, penye unene wa msuli wa bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya bega. Ikichomwa chini zaidi na kwa nyuma, yaweza kuijeruhi neva ya radiali, na kiganja kikaning'inia.

Tunawashauri watumiaji wa huduma wa Kibaha na Kisarawe:

1. Usichomwe sindano katika duka la dawa; nenda zahanati au kituo cha afya.
2. Liache wazi bega lote. Kupandisha mkono wa shati hakutoshi.
3. Ukihisi maumivu kama shoti ya umeme yakishuka hadi vidoleni, mwambie mhudumu aichomoe sindano mara moja.
4. Ganzi ikiendelea, au kiganja kikishindwa kuinuka, wahi Hospitali ya Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe.