Upepo wa Mipira na Kamio za Vita

Mwanzo wa mwaka tulirudi shuleni ndani ya kamio ya zamani ya jeshi, tupu, sisi kumi nyuma. Iliturusha-rusha mpaka wengine wetu wakalia: « Papa shofere, punguza upepo wa mipira! » Alikataa, nasi tukanuna. Sasa tumeelewa.

Tutazame GMC ya Waamerika ya vita ya 1939-1945. Resori zake zilifanywa kwa kubeba tani 2 na nusu. Ikiwa tupu, hazipindi sana. Mpira ndio unalegea. Kwa hiyo kupunguza upepo kunaleta raha kweli. Lakini kila mzunguko mbavu za mpira zinajikunja, zinapata moto, na ukienda mbio mpira unapasuka.

DUKW, ndugu ya GMC yenye kuogelea, iko na pompi: shofere anabadilisha upepo akikaa kitini, karibu kilo 0,7 kwenye mchanga wa pwani, 2,8 kwenye barabara ngumu.

Kamio yetu haikuwa na pompi ile. Shofere alipakia magunia ya mchanga nyuma. Resori zikaanza kupinda, tukafika na migongo mizima.