Mlevi Anapotaka Kuacha

Somo: Mithali 23:29–35, Luka 10:30–37

Mwezi huu tujifunze juu ya ulevi. Najua mmeusikia ukihubiriwa mara nyingi, na wengi wenu mngeweza kunifundisha mimi madhara yake, maana yamo nyumbani mwenu. Sitayarudia yote. Nataka tulitazame jambo moja ambalo sisi watu wa Kanisa hatukufundishwa, nami nililijua baada ya kukosa: jinsi ya kumsaidia mlevi katika zile siku za kwanza anapoamua kuacha.

Miaka mingi iliyopita mwalimu mwenzangu alisimama kanisani siku ya Jumapili, akalia, akasema ameacha pombe tangu saa ile. Tulifurahi sana. Jioni tukapatana, wazee wawili na mimi, akae katika chumba kimoja cha nyumba yangu, mlango ufungwe, asipate njia ya kwenda kilabuni. Yeye mwenyewe alikubali. Jumatatu alitetemeka hata hakuweza kushika kikombe cha chai. Tukasema, ni pepo la ulevi linamtoka, tuzidi kuomba. Usiku ule akaanguka kifafa, naye hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Jumanne aliona panya ukutani, akawa anazungumza na marehemu mama yake. Tulimfikisha hospitali Jumatano kwa gari la kuazima. Daktari alituuliza swali moja tu: alikuwa akinywa kila siku? Tukasema ndiyo. Mwenzetu hakurudi nyumbani. Ufunguo wa chumba kile nilikuwa nao mimi mfukoni.

Basi tuelewe yaliyompata. Pombe hutuliza ubongo na kuupunguzia mwendo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujifunza kushindana nayo, hujikaza ili uendelee na kazi zake. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani na mwingine nje. Mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Ndivyo ilivyo pombe inapokatika. Katika saa 6 hadi 24 za kwanza huja kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi. Kifafa chaweza kuja ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona maruweruwe, mwili huwaka moto na moyo kwenda mbio. Hali hii ya mwisho huua watu, hasa wasipotibiwa.

Si kila mnywaji atapatwa na haya. Anayekunywa Jumamosi kwa Jumamosi aweza kuacha nyumbani kwake bila hatari. Mtazameni yule anayekunywa sana kila siku, anayeamka akitetemeka mpaka azimue ndipo mikono itulie, au aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipokosa pombe. Huyo asiache peke yake, wala asifungiwe. Apelekwe hospitali siku ileile anayotaka kuacha, na asiyewahi kuona aibu amsindikize. Huko atapewa dawa za kutuliza ubongo, kama diazepamu, zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa walevi wengi hunywa bila kula na upungufu wa vitamini hiyo waweza kuharibu kumbukumbu daima. Dawa hizi si za kununua dukani na kujipimia. Sisi wa Dodoma tunayo pia Hospitali ya Mirembe. Najua jina hilo linavyoogopwa, watu husema mtu amepelekwa Mirembe kana kwamba amekufa. Ni hospitali.

Wengi watauliza, kwa nini huyu ashikwe na pombe na ndugu yake asishikwe, nao wamekunywa kibuyu kimoja? Wataalamu waliochunguza mapacha, na watoto waliolelewa mbali na wazazi waliowazaa, wameona kwamba karibu nusu ya hatari hiyo hutoka katika urithi. Nusu nyingine ni maisha: huzuni, kazi iliyopotea, marafiki, kuanza mapema, na wepesi wa kuipata pombe yenyewe. Zamani hapa Ugogo pombe ya mtama ilitegemea mavuno na shughuli ya kulima pamoja, mtama ukiisha na pombe imekwisha. Viroba vilikuja vikamwezesha hata mwanafunzi kuficha pombe kali katika mfuko wa kaptula. Nimewakuta navyo darasani. Vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali ingali inauzwa katika chupa, na gongo haikungoja ruhusa ya mtu.

Tena tusimsifu kijana kwamba ana kichwa kigumu, anakunywa wala halewi. Huyo ndiye wa kuhofia, maana ubongo wake umekwisha kuanza kuzoea.

Akina mama waja wazito nao wasidanganywe kwamba pombe ya kienyeji huongeza damu. Pombe humfikia mtoto tumboni, na yaweza kumharibia ubongo kabla hajazaliwa. Nilifundisha miaka mingi, na nikikumbuka baadhi ya watoto niliowachapa kwa kutoshika jedwali la kuzidisha, najiuliza maswali.

Baada ya hospitali ndipo kazi ndefu inapoanza. Dawa huutuliza mwili, lakini mtu hurudi katika njia ileile inayopita mbele ya kilabu kilekile. Hapa yafaa tujue habari ya Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa mlevi wa kupindukia. Mnamo Desemba 1934 alilazwa hospitali mjini New York, naye hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1971. Alisaidiwa sana na ushirika uliokutana chini ya Samuel Shoemaker, kasisi wa Kianglikana wa Calvary Church mjini humo. Lakini aligundua kwamba ili asirudie pombe imempasa kumtafuta mlevi mwingine na kuzungumza naye. Mwaka 1935, mjini Akron, alikutana na daktari mpasuaji, Bob Smith, mlevi pia. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho mwezi Juni 1935, na ilikuwa bia aliyopewa na Bill mwenyewe asubuhi ile ili mikono iache kutetemeka, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wa kupasua. (Siwaambii mfanye hivyo, nawaonyesha tu kwamba hata daktari hushindwa na mikono yake.) Kwao wawili kikaanza chama kinachoitwa Alcoholics Anonymous, ambacho sasa kina vikundi katika nchi nyingi. Hawaulizani majina ya ukoo, hawatozi ada, na kila mmoja huahidi kwa siku moja moja.

Nasi je? Sisi tuliolelewa katika Kanisa la asili ya CMS tulifundishwa kwamba Mkristo haonji pombe, na aliyeonja alitengwa. Sisemi nidhamu ni mbaya. Nasema aliyetengwa alikuwa na mahali pamoja tu palipompokea, nako ni kilabuni. Akianguka tena baada ya miezi mitatu, na wengi huanguka, asihesabiwe kuwa alitudanganya. Aulizwe tu, ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, ili wakati mwingine tuwahi.

Jambo dogo la mwisho. Anayeogopa divai ya kikombe asikae mbali na Meza ya Bwana. Azungumze na kasisi faraghani. Akipokea mkate peke yake amepokea Ushirika kamili.

Ya kuzungumza katika vikundi:

1. Someni Luka 10:34–35. Msamaria alifanya nini njiani, na nini alipofika kwenye nyumba ya wageni? Gharama alilipa nani?

2. Mtu wa mtaa wetu akitaka kuacha pombe usiku wa leo, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali, na nauli itoke mfuko gani?

3. Mwezi wa pili baada ya kuacha, Jumamosi jioni, atakaa na nani?