Somo: Kuweka Lengo Linalopimika katika Kutangaza Biashara ya Nyumbani kwa Mtandao

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Msemo huu una nguvu sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa, huinusa na kuionja kabla ya kutoa fedha yake. Lakini mwanachama anayeuza asali kwa simu akiwa nyumbani kwake hana meza sokoni. Mnunuzi aliye mbali haoni ila picha na maneno machache. Kwa hiyo hata chema sasa hakina budi kutembezwe, na kutembeza kuna gharama. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuipima gharama hiyo pamoja na faida yake.

Jambo hili halimhusu mwanachama peke yake. Anapokiomba chama cha akiba na mikopo fedha za kununulia bando na matangazo ya kulipia, fedha anayoiomba ni akiba ya wenzake. Asiporejesha, wadhamini wake ndio watakaodaiwa. Hivyo yafaa katibu na wanakamati wajue swali la kumwuliza kabla fedha haijatoka.

1. Lengo ni nini?

Mwanachama akisema, "Nataka biashara yangu ijulikane," hajaweka lengo; ametaja tamaa njema. Lengo linalopimika hujibu maswali manne: Kiasi gani? Ifikapo tarehe gani? Kwa gharama isiyozidi kiasi gani? Na litathibitishwa na daftari lipi? Likikosa jibu moja, lengo hilo halijakamilika.

Aidha, tuchague kipimo kilicho sahihi. Picha katika Instagram au WhatsApp yaweza kutazamwa na watu 300 na kusifiwa na 100, ilhali hakuna chupa hata moja iliyouzwa. Sifa hazilipi deni. Kipimo cha kwanza kiwe bidhaa zilizouzwa na fedha iliyoingia.

2. Anza na hali ilivyo

Huwezi kujua umefika wapi usipojua ulikotoka. Kabla ya kutangaza, mwanachama aandike mauzo yake ya mwezi mmoja uliopita. Kazi hii si ngumu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, malipo ya namna hiyo huacha ujumbe wenye tarehe na kiasi. Ujumbe huo ulinganishwe na daftari kila mwisho wa juma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mfuga nyuki anayeuza asali katika chupa za nusu kilo. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Bei ya chupa ni shilingi 10,000. Asali, chupa na lebo humgharimu shilingi 6,000. Kwa hiyo kila chupa humwachia shilingi 4,000. Bila tangazo la kulipia huuza chupa 12 kwa mwezi. Sasa anaomba mkopo wa shilingi 90,000, ili atumie 30,000 kila mwezi kutangaza kwa miezi mitatu.

Lengo lake ni hili: Aprili chupa 18, Mei chupa 24, Juni chupa 30, jumla chupa 72 ifikapo tarehe 30 Juni.

Je, lengo hili lafaa? Chupa 72 zitamwachia shilingi 288,000. Lakini tusikimbilie kushangilia. Hata asingetangaza, angeuza chupa 36 na kubaki na shilingi 144,000. Hivyo nyongeza iliyoletwa na tangazo ni shilingi 144,000. Tukiondoa gharama ya 90,000, faida halisi ya kutangaza ni shilingi 54,000, kabla ya riba ya mkopo. Hesabu hii ya nyongeza ndiyo ambayo kamati ya mikopo inapaswa kuiona.

Tena, je, asali ipo? Chupa 72 ni kilo 36. Ndoo ya lita 20 ina takriban kilo 28 za asali; ndoo moja haitatosha. Kutangaza kitu usichokuwa nacho ni kuvunja jina lako mwenyewe. Akipungukiwa, na anunue kwa wanachama wenzake kupitia chama, wala asiongeze maji ya sukari.

4. Lisome daftari kila mwezi

Daftari liwe na safu tano: tarehe, walioulizia, walionunua, fedha iliyoingia, na sababu ya asiyenunua. Safu ya mwisho ndiyo mwalimu mkuu.

Tuseme mwezi Aprili waliulizia watu 90, wakanunua 18, kila mmoja chupa moja. Lengo limefikiwa, lakini watu 72 wamekwenda zao. Safu ya sababu yaonyesha kuwa 40 kati yao walinyamaza walipotajiwa nauli ya mzigo. Basi mwezi Mei bei na nauli ziandikwe ndani ya tangazo lenyewe. Wakaulizia watu 80 tu, wakanunua 26. Anayehesabu maulizo atahuzunika. Anayehesabu mauzo atajua kuwa amepiga hatua.

Mauzo yakikosa lengo miezi miwili mfululizo, tangazo la kulipia lisimamishwe na sababu itafutwe. Kusimama mapema si aibu. Aibu ni kuendelea kutumia fedha ya mkopo gizani.

5. Wajibu wa katibu

Katibu amtake mwombaji alete lengo lake kwa maandishi, nakala ihifadhiwe, na maendeleo yakaguliwe kila mwezi. Aidha, amkumbushe kuwa majina na namba za simu za wanunuzi ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari la wateja si kitu cha kugawiwa ovyo.

Maswali ya majadiliano

(a) Mwanachama ameandika: "Nitaongeza wateja wengi mwaka huu." Ni majibu gani yanayokosekana katika lengo hilo?

(b) Katika mfano wetu, ni chupa ngapi zaidi ya zile 12 za kawaida zinazotakiwa kuuzwa kwa mwezi ili zirudishe shilingi 30,000 za tangazo?

(c) Chagueni biashara moja ya nyumbani ya mwanachama wenu aliye tayari. Mwandikieni lengo la miezi mitatu, kisha mlikague pamoja naye muda huo utakapokwisha.